Barua Mbili za Anaeli

Siku ya kwanza nilipokwenda boma la Arusha kuomba kazi, hakuna aliyeniuliza jina wala ukoo. Karani wa posta alinitazama miguu. Alinizunguka kama mtu anayechagua ndama, kisha akauliza, "Miguu hii imeshatembea wapi?"

Nikamjibu imetembea kutoka Akheri mpaka nyikani kuchota magadi, na kurudi na mzigo kichwani. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuokoteza, nusu yake Kimeru, naye akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu wa Tanga, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, na hakunificha kwamba alituona watu wa mlimani kama washamba tu. Akanipa karatasi iliyokunjwa. "Ipeleke mpaka kivuko cha Mto Nduruma, umwonyeshe askari aliye pale, uirudishe. Nataka irudi kama ilivyotoka hapa."

Sikufika mbali, mvua ya manyunyu ikaanza, ile yetu ya mlimani ambayo haina haraka wala haina mwisho. Mwilini nilikuwa na lubega tu, shuka la kufunga begani. Nikaingia kwenye kihamba cha mtu, shamba lake la migomba, nikachuma majani makavu ya mgomba, nikaifunga ile karatasi tabaka tatu kama tulivyokuwa tunafunga tumbaku nyumbani. Niliporudi boma nilikuwa nimelowa chapachapa. Karani alipoona majani akaniuliza kama nimemletea ndizi. Lakini Bwana Posta, Mjerumani mfupi ambaye alinyoa kichwa chote akaacha masharubu, alikifungua kifurushi mwenyewe, akaipitisha karatasi shavuni mwake. Ilikuwa kavu. Akasema neno moja, "Kesho." Tangu hapo matarishi wote wa njia ya Moshi tulifunga barua kwa majani ya mgomba wakati wa masika, na mpaka leo najivunia jambo hilo, maana sikuwahi kuvumbua kitu kingine maishani.

Nyinyi wajukuu mnaletewa barua na gari, kwa hiyo nieleze kidogo. Tarishi alikuwa mtu wa kubeba barua kwa miguu. Barua za mbali zilitiwa kwenye mfuko wa turubai, mdomo wake ukafungwa kamba, juu ya fundo Karani akadondosha lakiri, yaani nta nyekundu iliyoyeyushwa kwa moto, na kabla haijapoa Bwana Posta akaigonga muhuri wa tai. Lakiri ikivunjika njiani, utajibu wewe. Mfuko huo niliubeba mpaka Sanya. Pale nilikutana na tarishi wa Moshi, tukabadilishana mifuko, tukaulizana habari za mito, kila mmoja akageuza. Barua za wazungu waliolima njiani hazikuingia humo. Hizo nilizibeba kwenye mkoba mdogo wa ngozi, nikazigawa shamba kwa shamba. Na kifuani nilivaa kibati cha shaba chenye tai.

Kibati kile nilikipenda kuliko mshahara, na sioni haya kusema. Siku zile kila mwanamume mzima wa Meru na wa Arusha alikuwa na kadi ya kazi. Kadi ilikuwa na vyumba thelathini, na kwa kila miezi minne ulitakiwa umfanyie setla kazi siku thelathini, naye atie alama yake kwenye chumba kimoja kila siku inapoisha. Kadi ikijaa unarudi kwenye migomba yako, hakuna anayekusumbua. Isipojaa, ukionekana barabarani unakamatwa, unapelekwa kwa setla yeyote aliyepungukiwa na watu. Basi kulikuwa na masetla waliojua mchezo. Jua likizama wanakwambia palizi yako mbaya, leo sitii alama. Mtu anafanya kazi siku sitini, kadi ina alama ishirini. Mimi mwenye kibati sikuulizwa kadi. Nilipita mbele ya askari, mbele ya mageti, mbele ya majumbe, nikasema "Posta," wakanipisha. Wenzangu niliotahiriwa nao walijificha migombani wakisikia mbwa wanabweka, mimi nilitembea katikati ya barabara napiga mluzi. Nilikuwa na kiburi, lazima niseme ukweli.

Bwana Posta hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila tarishi mpya alimsimamisha mbele ya meza akamsomea sheria moja, kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Barua siyo yako. Barua siyo yangu. Barua siyo ya Bwana Mkubwa wa boma. Barua ni ya mwenye jina. Umesikia?" Nilisikia. Nikasema ndiyo, Bwana. Nilidhani anazungumza habari za wizi.

Karani ndiye aliyekuwa akinielewesha mambo. Alinitania kutwa nzima, kwamba nanuka moshi wa ndizi, kwamba nikisema "asubuhi" ng'ombe wanageuka, lakini hakunichoka. Siku moja nilitupa mfuko chini kwa kuchoka, akaniita ndani. Akatoa kwenye kikopo karatasi ya zamani, imekatika mikunjo, ina muhuri wa tai. "Unajua hii ni nini? Mama yangu alikuwa mtumwa Pangani. Hii ndiyo barua yake ya huru. Aliyempa alikuwa Mjerumani tu, mwenye usingizi, aliiandika huku anapiga miayo. Lakini mama alitoka nayo pale, akachagua mume mwenyewe, akachagua mji, akanizaa mimi. Wewe beba karatasi utakavyo, lakini usizitupe chini." Sikuzitupa tena. Hata hivyo kuelewa kwenyewe kulichelewa, na kuchelewa huko ndiko kulikoniharibia.

Sasa niwaambie habari za Anaeli. Anaeli alikuwa wa rika langu. Tulitahiriwa siku moja, tukalala kibanda kimoja mpaka tukapona, na kwetu mtu wa namna hiyo ni ndugu kuliko ndugu. Alisoma kidogo kwa wamisheni pale Akheri, na tangu hapo kichwa chake kilikuwa kwenye mbao. Alichonga vigoda, alichonga mizinga ya nyuki, alimtengenezea mama yake mlango wa bawaba za ngozi ambao watu walikuwa wanakuja kuufungua na kuufunga bila sababu. Mchungaji alimwombea nafasi katika shule ya mafundi ya misheni, upande wa Kibo. Boma lilikuwa na utaratibu wake: aliyepokewa shule ile alisamehewa kadi. Lakini kadi ya Anaeli ilikuwa kwa setla mmoja mwenye shamba la kahawa karibu na Mto Tengeru, tuliyemwita Bwana Ndevu, na huyo alikuwa bingwa wa kutotia alama. Kwa hiyo mwito wa shule pamoja na cheti cha boma vilitakiwa vipelekwe shambani kwa posta, vitiwe mkononi mwa Anaeli, ndipo atoke. Bila cheti, akikanyaga barabarani ni mtoro.

Barua ilikuja. Karani alinipa siku moja ya mvua, akasema, "Hii ya ndugu yako. Mpe mwenyewe." Wakati ule nilikuwa sijui kusoma, nikaiweka pamoja na nyingine za shamba lile. Nilipofika, Bwana Ndevu alikuwa barazani na kiko chake mdomoni. Masetla wote walikuwa na desturi moja: tarishi anafika barazani, anakabidhi fungu lote, anakwenda zake. Nami nilikuwa nimekabidhi hivyo miaka. Nikanyoosha mkono na fungu zima. Nilikumbuka ile moja. Nilikumbuka vizuri kabisa, wala sitawadanganya kwamba nilisahau. Lakini mvua ilikuwa inanipiga, kumtafuta mtu kwenye mibuni ni safari nyingine, na kumwambia mzungu "hii siyo yako" lilikuwa neno ambalo mdomo wangu haujawahi kulitamka. Akanitupia kipande cha tumbaku, nikadaka, nikasema ahsante Bwana, nikaondoka.

Jumapili yake nyumbani Akheri mama yake Anaeli akanishika mkono nje ya kanisa. "Mwanangu, wewe ndiye unayebeba barua. Hujaiona ya Anaeli? Mchungaji anasema ilikwisha tumwa."

Nikamwambia, "Sijaiona, mama."

Ndivyo nilivyosema. Hata sikumeza mate. Siku ya kuanza shule ikapita Anaeli hajatokea, nafasi ikaenda kwa mwingine, na Anaeli akabaki shambani mwaka mwingine mzima. Ndani ya mwaka huo walimweka kwenye mashine ya kumenya buni. Mkanda wa mashine ukamvuta mkono wa kushoto, vidole viwili vikaenda, kidole cha mwisho na cha pete. Nilipokwenda kumwona alikuwa ameketi mlangoni kwa mama yake, mkono umefungwa matambara. Akanisalimu vizuri tu. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama usoni.

Tangu siku hiyo nilimwendea Karani na kumwomba anifundishe kusoma. Akataka kujua kumenipata nini ghafla. Sikumwambia. Kila nikirudi kutoka Sanya alinikalisha chini na kibao, akinitukana kwa upole, mpaka nikaweza kusoma bahasha zote za mkoba bila kuuliza mtu. Jina la Anaeli ndilo nililojifunza kwanza.

Mwaka ukapita, mchungaji akaandika tena. Karani alikuwa anapanga barua, mimi nikaiona kabla hajasema kitu. Aliniangalia nilivyoshika. Akasema polepole, "Safari hii utampa?" Kumbe alijua. Sijui alijuaje. Nikamwambia nitampa. Akanifungia kwenye majani ya mgomba mwenyewe, yeye mtu wa Tanga, wala siku hiyo hakunitania.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali, Meru imetoka wazi mpaka kileleni. Bwana Ndevu alikuwa barazani, watu kwenye mistari ya kahawa wanapalilia. Nikampa barua zake nne. Akazihesabu kwa kidole, kisha akaona ninayo nyingine.

"Na hiyo?"

"Hii ni ya Anaeli, Bwana."

"Lete. Nitampa mimi."

"Hii nampa mwenyewe, Bwana. Imeandikwa jina lake."

Alidhani hakusikia sawasawa. Aliinuka akashuka ngazi. Ulimi ulinikauka mpaka nikasikia ladha ya shaba. Akasema hapa ni shambani kwake, kila kinachoingia ni chake, na watu wake ni watu wake. Akanyoosha mkono kuchukua. Nikaitia barua kifuani, chini ya kibati, kisha nikafanya jambo tulilofundishwa kufanya tukikutana na wanyang'anyi porini: nikauweka ule mfuko wa turubai chini, nikaukalia. Mtu akigusa mfuko wenye muhuri wa tai amegusa boma. Nikamwambia, "Bwana, hapa nilipokaa ni barua za wazungu wote mpaka Moshi. Nikishampa mtu wake barua yake nitainuka. Nisipompa, siinuki."

Akaagiza kiboko. Mnyapara akakileta, na kwa uso wake nilijua hakupenda kukileta. Bwana Ndevu alinipiga bega la kushoto mara moja, shati likachanika na ngozi nayo. Nikauma meno nikashikilia mfuko kwa mikono miwili. Akainua tena mkono, akausimamisha hewani. Nafikiri alianza kupiga hesabu ya wenzake ambao barua zao nimezikalia: mwenzake wa Mto Usa aliyekuwa anangoja habari za mke wake, Bwana Mkubwa wa Moshi, wamisheni. Watu wote kwenye mistari walikuwa wamesimama wameegemea majembe.  Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko njia ya Sanya.

Mwisho akamgeukia mnyapara, akasema kwa hasira, "Mwite huyo."

Anaeli akaja na jembe begani. Nikainuka nusu, nikatoa barua, nikampa kwa mikono miwili kama tunavyompa mtu kitu cha heshima, naye akaipokea kwa mikono miwili, ule mmoja wenye vidole vitatu. Akapasua majani, akapasua bahasha, akasoma amesimama palepale. Alisoma polepole, midomo inacheza. Kisha akakunjua cheti cha boma, akamwonyesha Bwana Ndevu muhuri bila kukiachia. Bwana Ndevu akasema kadi yake haijajaa. Anaeli akasema, kwa adabu kabisa, "Hapa wameandika nimesamehewa, Bwana." Akaliweka jembe chini, hakulitupa, alililaza taratibu kando ya ngazi, akaniambia kwa Kimeru, "Twende."

Tukatoka getini pamoja. Hakurudi hata kuchukua blanketi lake. Nilimpasulia ufito, tukabana cheti kwenye mpasuko kama watu wa enzi zile walivyobeba barua, akakishika juu mbele yake, na kila askari tuliyekutana naye alitazama muhuri akatupisha. Tulipofika Maji ya Chai aliniosha bega mtoni. Akatazama mlima, akasema, "Ndemasi, hivi ndivyo wewe unavyotembea siku zote?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na unalipwa juu yake." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu nizaliwe sikuwa nimecheka namna ile, nami ndani ya kicheko nilikuwa na ile barua ya kwanza. Nilitaka kumwambia. Sikuweza. Tukaachana Sanya, akaendelea na tarishi wa Moshi.

Bwana Ndevu aliandika mashtaka. Na nani aliyeyabeba kwenda boma? Mimi mwenyewe, kwenye mkoba wangu wa ngozi, nikiwa nimeifunga barua vizuri isilowe. Bwana Posta aliisoma mbele yangu, masharubu yanapanda na kushuka.

"Unajua umebeba nini?"

"Sijui, Bwana. Ina jina lako."

Karani aliyekuwa pembeni akainamisha kichwa kwenye daftari. Bwana Posta akaniuliza kwa nini nilimkatalia mzungu barua. Nikamrudishia maneno yake yote, barua siyo yangu, siyo yako, siyo ya Bwana Mkubwa, ni ya mwenye jina.  Nadhani alipoisema sheria ile miaka yote hakufikiria mtu mwenye jembe. Lakini alikuwa ameisema, na yeye hakuwa mtu wa kula maneno yake. Akasema, "Umechelewa kufika Sanya kwa saa tatu. Kwa kuchelewa utaadhibiwa. Kwa barua, hakuna shauri." Akachovya kalamu, akamwandikia Bwana Ndevu jibu fupi sana, nami nikalipeleka kesho yake. Alilipokea mwenyewe, mkono kwa mkono. Tangu siku hiyo watu wa mashamba yote ya njia yangu walipata barua zao mikononi. Zilikuwa chache. Nyingine zilikuwa za kuambiwa mtu amekufa. Lakini walizipata.

Adhabu yangu ilikuwa kuhamishwa. Nilitolewa njia ya Moshi nikapelekwa njia ya Mbulu, siku nyingi porini, maji mabaya, simba wakinguruma upande wa Mto wa Mbu. Mkubwa wangu kule alikuwa Sajini wa kituo, Msudani mzee aliyelala na buti. Nilinung'unika mwezi wa kwanza. Baadaye nikaona ziwa lenye ndege wekundu, nikajifunza maneno ya Kimbulu, nikampata huko bibi yenu, ambaye asingenitazama mara mbili kama ningebaki napiga mluzi barabara ya Tengeru. Kwa hiyo hata adhabu ile naishukuru. Vita vilipokuja nilibeba barua za jeshi, na Waingereza walipoingia Arusha Bwana Posta alitupanga mstari, akatupa mkono mmoja mmoja, Karani kwanza. Alipofika kwangu aliligusa bega langu la kushoto kwa kidole, akapita. Waingereza wakanibakiza miaka kadhaa, mpaka magari yakachukua mifuko, nami nikarudisha kibati nikaenda kupanda kahawa yangu mwenyewe Akheri.

Mnaniuliza siku hizi, maana neno uhuru liko midomoni mwenu asubuhi na jioni, kama sisi tuliujua. Niwajibu bila kuzungukazunguka: hatukuwa nao. Ardhi ya chini ilikwisha chukuliwa, kadi ilitufunga, kiboko kilikuwa juu ya meza ya kila mkubwa. Sitaki mtu aniite mpenzi wa Wajerumani. Lakini mimi niliona kwa macho yangu mtu anapewa kitu chenye jina lake, anakisoma, anaweka jembe chini, anakwenda kufanya kazi anayoipenda. Nikajua kumbe uhuru ndio huo tu. Mengine yote mnayoyaandika kwenye katiba zenu yawe yanamlinda mtu huyo anapotoka getini. Nashukuru Mungu aliniweka mahali pa kuona, na nashukuru zaidi kwamba alinipa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza nilishindwa.

Anaeli alirudi fundi. Nusu ya milango ya Akheri imetoka kwenye vidole vyake vinane. Tumezeeka majirani, watoto wetu wameoana, tumekula loshoro ya mahindi na maziwa chungu kimoja, na muda wote huo sikumwambia habari za ile barua ya kwanza. Mama yake alikufa hajui. Kila nikitazama ule mkono wake wa kushoto maneno yalikuwa yanapanda, yanarudi.

Mwaka juzi alikuja kunitilia mlango mpya. Alikuwa anapiga randa uani, mimi nimeketi kwenye gogo. Nikasema sasa au nife nalo. "Anaeli, barua yako ya kwanza ilifika. Niliileta mimi. Nikampa yule mzungu, akanipa tumbaku. Mama aliponiuliza nikamwambia sijaiona. Vidole vyako ni mimi."

Hakuacha kupiga randa. Akasema, "Najua."

"Nani alikuambia?"

"Nilikuwa mstari wa tatu wa mibuni, hapo karibu na baraza. Nilikuona ukimpa. Nikamwona anafungua moja, anaisoma, ananitazama, kisha anaitumia kuwashia kiko."

 Nikamwuliza mbona alininyamazia miaka yote hii.

"Nilikuwa nimeyapanga maneno," akasema. "Mwaka mzima nikiyapanga, mabaya sana, ungeyasikia usingelala. Nilikuwa nangoja siku nitakayokushika peke yako. Halafu nikakuona umekalia ule mfuko, damu inakutiririka, na kiboko kiko juu yako, na wewe umeng'ang'ania tu hutaki kuinuka. Pale pale nikayasahau. Nimejaribu kuyakumbuka, hayaji." Akapuliza vumbi la mbao, akainua mlango upande mmoja. "Shika huko. Usiupinde."

Nikaushika kwa mikono miwili, machozi yananitoka kama mtoto, naye akaendelea kugonga bawaba.